Miche ya Baba Kwenye Bustani ya Mama

Juzi shuleni tulipewa kazi ya kujaza udongo kwenye viriba, ile mifuko myeusi ya kukuzia miche. Wenzangu walikuwa wanaziba pua na kucheka. Mimi sikuziba pua, kwa sababu harufu ile ya udongo mbichi uliochanganywa na samadi ya mbuzi ilishanibeba mpaka nyumbani Mgeta, kwenye Jumamosi moja, saa kumi alasiri, adhana ikiwa bado inapanda kutoka msikiti wa bondeni. Nilikuwa darasa la tatu. Saa ile ndipo mjomba aliposhuka mteremko wa nyuma ya jiko letu akiwa na panga.

Kwetu mashamba yameegemea mlima kama ngazi. Ukidondosha kabichi usijisumbue kuikimbilia, utaikuta kwa jirani. Bustani ya mama ilikuwa ngazi tatu fupi nyuma ya jiko: juu mchicha na giligilani, katikati karoti na figili, chini ngogwe, zile nyanya chungu ambazo siku hizo nilikuwa nazila nikiwa nimefumba macho. Maji yaliingia kwa mfereji, na siku mfereji ukikauka tulimwagilia maji ya kuoshea mboga.

Baba si Mluguru kama watu wa kwetu. Alikuja kutoka Singida akiwa utingo wa lori la kubeba mboga za Dar. Lori likaharibika kijijini kwetu, akakaa kusubiri spea. Spea ilipofika lori likaondoka, yeye akabaki. Watu hawakuacha kumtania: "Shemeji, spea yako haijafika tu?" Baba alikuwa anacheka, lakini nilishaona kwamba kicheko chake kilikuwa kinaisha kabla ya cha wenzake.

Sasa nikueleze jambo ambalo usipolijua hutaelewa kwa nini niliogopa vile. Kwetu ardhi inafuata mama. Ni ya ukoo wake, kama walivyo watoto wake, na kaka mkubwa wa mama ndiye anayeisimamia. Mume akioa analima humo, anakula, hakuna anayemsumbua. Ila asipande mti wa kudumu, kwa sababu aliyepanda mti anahesabiwa kuwa na chake mahali pale. Marehemu bibi alikuwa na msemo wake: mboga ni mgeni, mti ni mwenyeji.

Baba aliijua sheria hiyo kwa mashamba ya juu. Alidhani bustani ya nyuma ya jiko haimo, maana jiko ni la mkewe na hakuna mtu anayefanya kikao cha ukoo juu ya mchicha. Basi mama alipokwenda msibani Kisaki, baba akaenda kutafuta miche minne ya parachichi za kubebeshwa, zile za kuunganishwa ili zizae mapema, akaileta kichwani kwenye beseni, akaipanda kwenye ukingo wa ngazi ya chini ili mama akirudi afurahi.

Mama alirudi, akatua mzigo, akaiona. Hakufurahi.

"Baba Rehema, hivi ni nini?"

"Zawadi."

"Nani mwingine ameiona?"

Hakungoja jibu. Alikata majani ya mgomba akaifunika yote, akaniambia nikiulizwa niseme inakingwa na jua. Nilitazama juu. Ukungu ulikuwa umetufunika tangu asubuhi.

Ndiyo hali tuliyokuwa nayo Jumamosi ile. Mama alikuwa anachuma mchicha. Alipomwona kaka yake anashuka, mkono wake ulibaki umeshika shina bila kulikata.

"Shikamoo mjomba," nikasema.

"Marahaba, mama." Mimi alinijibu kwa upole, kama siku zote.

Baba akatoka jikoni anajifuta mikono. "Karibu, shemeji."

"Nikaribie wapi tena? Hapa si kwetu?"

Hakuna aliyecheka. Mjomba aliinama, akaliinua jani moja la mgomba kwa ncha ya panga, taratibu, kama mtu anayefunua chungu kujua kuna mboga gani.

"Nani kapanda hii?"

Nilimtazama mama. Hata mimi mtoto nilijua kwamba akisema "mimi," mambo yangeishia pale, mjomba angekunywa chai akaenda zake. Mama alifungua mdomo. Baba akamtangulia.

"Nimepanda mimi."

Mjomba akashusha pumzi. "Shemeji, nimewahi kukukataza kulima?"

"Hapana."

"Kabichi, karoti, ulime mpaka uchoke. Tutakula, zitakwisha, udongo utabaki. Mti huu utatuzika wote hapa. Siku ya siku ndugu zako wa Singida watakuja kutuambia kaka yetu alipanda."

"Ndugu zangu hata njia ya kuja huku hawaijui."

"Mali ikiwepo, njia hujulikana." Akalikwangua tope kwenye panga kwa kidole. "Sitaikata. Ng'oa mwenyewe. Kesho asubuhi nikiikuta imesimama, nitajua umechagua miti, na wewe na miti yako mtafute pa kusimama."

Akapanda mlima bila chai.

Nilibaki mlangoni pa jiko. Kichwani mwangu nilikuwa nimeshaona lori, na baba juu yake, beseni mapajani. Ndani walikuwa wanazungumza kwa sauti ile ya chini ambayo watoto huisikia vizuri kuliko kelele.

"Ungeniacha niseme ni mimi," mama alisema.

"Umdanganye kaka yako kwa ajili yangu? Halafu mimi nipite humu kama mwizi?"

"Sheria sikuitunga mimi."

"Watoto wa ukoo wenu. Ardhi ya ukoo wenu. Mimi hapa nani?"

"Mume wangu."

"Mume wa mchicha."

Mama alitoka, akajifunga kanga ya pili mabegani, akaupanda mlima kuelekea kwa kaka yake. Ugali ulipoa. Baba aliketi kwenye kinu kilicholazwa, anaitazama bustani, na mimi nilikaa karibu yake bila kumgusa, kwa sababu nilidhani nikimgusa ataniambia ananiaga.

Giza lilikuwa linaingia mama aliporudi. Alisimama mbele ya baba akiwa bado anahema.

"Amekubali ibaki. Lakini utaing'oa yote kwa mkono wako, halafu ipandwe upya na mwenye ukoo. Na si mimi. Amesema mkono wa mke na wa mume ni mmoja. Apande Rehema."

Kwa miaka mingi nilimwona mjomba mtu katili, na shikamoo yangu kwake ilikuwa ya mdomoni tu. Sasa niko kidato cha tatu na nimeshaona mengine. Mama mdogo alipoachwa na mumewe huko mjini, alirudi na watoto wake na ndoo moja, akapewa ngazi mbili za shamba kesho yake, asiulizwe kitu. Palikuwa na nafasi ya kurudi kwa sababu hakuna mume wa mtu aliyeota mizizi pale. Siku moja huenda nafasi hiyo nikaihitaji mimi. Mjomba alikuwa ananilindia. Na papo hapo, kitu kilekile kinachonilinda mimi kilimweka baba nje ya bustani aliyoitilia samadi kwa mikono yake. Nimejaribu kuamua nani alikuwa na haki, nimeshindwa. Nilichokijua asubuhi iliyofuata Jumamosi ile ni kazi niliyopewa tu.

Asubuhi ile mjomba alikuja mapema, akageuza ndoo akaikalia, panga ameliacha kwake. Baba aling'oa miche kwa uangalifu, kila mmoja na bonge la udongo wake, akailaza kwenye majani. Kisha akanawa mikono kwenye mfereji, akatoka nje ya bustani, akasimama.

Nikachuchumaa kwenye shimo la kwanza.

"Chimbua kidogo," baba alisema kutoka kule. "Usiguse mzizi. Sasa rudishia udongo. Shindilia kwa kiganja, polepole."

Nilishindilia. Mche wa tatu ukalala upande. Baba akapiga hatua, mkono mbele, mjomba akakohoa. Baba akarudi alipokuwa, akaiweka mikono yake nyuma, akaishikilia.

"Unyooshe, mwanangu," akaniambia.

Nikaunyoosha.