Viatu Mbele ya Chumba 412

Katika Hoteli Elsterhof, pale Leipzig, Ujerumani, mgeni alipokwenda kulala aliacha viatu vyake nje ya mlango, na asubuhi alivikuta vimeng'arishwa. Ndivyo ilivyokuwa tangu hoteli ilipojengwa enzi za Kaisari, mfalme wa Wajerumani, kwa fedha za wenye viwanda vya bia. Ngazi zake zilikuwa za marumaru, na wakati wa maonyesho ya biashara wauza manyoya walijaa hadi vyumba vya darini. Ottilie Kretzschmar aliingia pale akiwa binti wa kutandika vitanda, akapanda mpaka akawa msimamizi wa ghorofa ya nne. Akitazama viatu kwenye korido alijua nani yumo, nani amechelewa na nani hakulala peke yake.

Wanazi walipotwaa nchi, meneja alitundika kibao mlangoni kusema kwamba Wayahudi hawakaribishwi. Aliwaambia wafanyakazi kuwa ni jambo la muda tu. Hakuna aliyepinga. Ottilie naye hakupinga. Alikifuta vumbi kibao kile kama alivyofuta vioo. Nalitaja hili kwa sababu watu hupenda kuanza habari zake pale alipokuwa jasiri, na huko si kusema kweli.

Majira ya baridi ya mwaka 1942, Wayahudi wa mji walipoanza kupakiwa kwenye treni za kwenda mashariki, Siegbert Rosenhain aligonga mlango wa nyuma wa hoteli, ule wa kutolea nguo chafu. Alikuwa mzee muuza manyoya, aliyefikia chumba 412 katika kila maonyesho tangu Ottilie akiwa msichana. Sasa chumba hicho kilikuwa kimefungwa. Bomba lilipasuka na mafundi wote walikuwa vitani. Ottilie akamficha humo humo. Alimkataza kuwasha taa, kufungua maji, hata kukohoa. Mzee akionekana, wote wawili wamekwisha. Kuhusu viatu hakumwambia neno. Nani angekumbuka viatu?

Siku chache baadaye, akipanda na mashuka ya asubuhi, aliviona. Vilikuwa vyeusi, vya kamba, vimepangwa sawasawa mbele ya mlango wa chumba kisicho na mgeni. Na vilikuwa vinang'aa.

Mzee, akiwa nusu usingizini, alikuwa amefanya alichokifanya maisha yake yote. Na Alwin Zschoche, msafisha viatu, alikuwa amevichukua, akavipiga brashi, akavirudisha. Zschoche alivaa beji ya chama cha Wanazi juu ya aproni yake.

Ottilie alikuwa ameinama kuviokota mlango wa jirani ulipofunguliwa. Akatoka Inspekta Gundlach wa polisi wa siri, aliyeletwa mjini kwa ajili ya zile treni.

"Vya nani hivyo, mama?"

"Vya mgeni wa zamani, bwana. Alivisahau. Navipeleka stoo."

"Stoo vikaliwe na panya? Hebu lete." Akaingiza mguu mmoja, kisha wa pili. "Unaona? Kama nilipimwa. Ngozi kama hii siku hizi utaipata wapi. Huyo mgeni wako harudi, eti?"

"Sidhani, bwana."

Akaenda zake navyo, anapiga mluzi.

Ottilie akashuka moja kwa moja hadi chumba cha viatu, chini kabisa ya jengo. Zschoche hakuinua macho.

"Karibu, malkia wa ghorofa ya nne. Naona siku hizi hata vyumba vibovu vinavaa viatu."

"Alwin, usinichezee."

"Nani anacheza? Vile viatu nimevisafisha tangu sijaota mvi. Nilipoviona nilitaka kukimbia. Halafu nikawaza, nikiviacha vichafu katikati ya vinavyong'aa, ndiyo vitaonekana zaidi."

"Utasema?"

Alichukua kiatu kingine. "Nikiwa mzima sisemi. Lakini unanijua nikilewa, dada. Mdomo wangu hauna mlango. Na Ijumaa nitakunywa, nisikudanganye. Mtoe leo. Wala usiniambie unampeleka wapi."

"Hii ni roho ya mtu, Alwin. Huwezi kukaa Ijumaa moja bila pombe?"

"Ningeweza, kama mke wangu angekuwa bado yupo nyumbani."

Adhuhuri ile mzee alilazwa ndani ya kapu la mashuka machafu, miguuni ana ndara za kitambaa za hoteli. Gari likalipeleka kapu mji jirani wa Wurzen, kwa dobi, ambako dada yake Ottilie alifanya kazi. Kutoka hapo alitembea kwenye theluji na ndara zile mpaka nyumbani kwa huyo dada.

Jumamosi Gundlach alimwita Ottilie. "Fungua 412."

Aliingia mwenyewe. Alisimama juu ya zulia lililolowa maji, amevaa viatu vya Rosenhain, akimtafuta Rosenhain. Alichungulia chini ya kitanda, akafungua kabati. Kila alipopiga hatua, Ottilie alisikia mlio wa soli alioujua miaka na miaka.

"Msafisha viatu wenu jana baa alisema humu mna mgeni."

"Alwin akilewa humwona hata Kaisari, bwana. Mwezi uliopita alilipigia saluti kabati la vyombo."

Gundlach alifunga kabati. Kisha akatazama chini, kwenye maji. "Nisije nikaviharibu viatu," akasema, akatoka.

Alikaa hotelini hadi majira ya kuchipua. Kila asubuhi viatu vile vilimngoja Ottilie kwenye korido, naye alivipita akihesabu pumzi zake.

Rosenhain aliiona amani, ingawa baridi ilimla vidole vya mguu. Hoteli iliungua kwa mabomu mwaka uliofuata, na kibao kikaungua nayo. Zschoche simsamehe ile Ijumaa. Mtu anayeujua udhaifu wake kiasi cha kuwaonya wengine anaujua kiasi cha kuushinda. Lakini bila onyo lake mzee angekufa, na hilo pia nalisema.

Uzeeni Ottilie alikuwa jirani yetu. Katika jengo letu kila mtu huacha viatu juu ya mkeka, nje ya mlango. Siku moja yeye alipanda ngazi, akapiga kengele yangu.

"Viatu, mwanangu. Ingiza ndani."

"Bibi, vita vimekwisha zamani."

Aliviinua yeye mwenyewe, akanikabidhi mkononi, akangoja mpaka nikafunga mlango.