Hadubini Niliyoifinya Jicho

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuweka kipete cha karatasi nyeusi ndani ya lenzi ya jicho ya hadubini yangu. Karatasi yenyewe niliitoa kwenye pakiti ya filamu ya eksirei, nikaikata kwa wembe, nikaitoboa tundu la mviringo katikati, kisha nikaipachika ndani ya bomba ili picha ipendeze. Kabla ya hapo, kila nilipochungulia, katikati paling'aa vizuri lakini pembezoni palikuwa na ukungu, na mwanga ulivuja ovyo. Mimi siwezi kuishi na ukungu. Ni mtu wa kurudi njiani kuangalia mlango nilioufunga mwenyewe. Baada ya kipete, ukungu ukaisha. Nikabaki na duara dogo safi, lenye giza zuri na vidoa vya kijani. Nilijipongeza, na sikujiuliza nimekata kiasi gani.

Hiyo ilikuwa Garsen, mwaka uliofuata mafuriko makubwa, maji ya Tana yalipokuwa yangali yamelala mashambani na mbu wakiingia hata mchana. Kliniki yetu ilikuwa ndogo. Mimi nilikuwa mwosha vioo wa maabara. Mtaalamu aliyeniajiri alikwenda kwao barabara ilipokatika na hakurudi, nikaachwa na hadubini moja, kitabu kisicho na jalada, na afisa tabibu ambaye sote tulimwita daktari. Sikuwa nimesomea kazi hiyo popote. Nilichojua nilikijua kwa kusoma kitabu kile mpaka kurasa zikalegea.

Wakati wa mafuriko alipita daktari mgeni, aliyekuwa akichunguza homa. Alituachia vipande viwili vya kioo, kimoja cha buluu na kimoja cha manjano, pamoja na kichupa cha rangi ya unga. Alinieleza kwa haraka, mguu mmoja tayari uko ndani ya gari: damu ikitiwa rangi ile na kumulikwa kwa mwanga wa buluu, vijidudu vya malaria huwaka vyenyewe kwenye giza. Kioo cha manjano huizuia buluu isifike jichoni, ukabaki na mng'ao peke yake. Kwa njia ya kawaida nilikuwa nikikodolea slaidi moja mpaka chai inapoa. Kwa njia hii, alisema, ni dakika chache tu.

Mashine ya namna hiyo hatukuwa nayo, kwa hiyo niliiunda. Mwili ulikuwa wa hadubini iliyovunjika. Mwanga ulitoka kwenye balbu ya taa ya lori, niliyoifungia ndani ya kopo la maziwa ya unga na kuiunganisha na betri ya gari. Lenzi ya jicho niliitoa kwenye chombo cha wapima ardhi kilichokuwa kimetupwa nyuma ya stoo. Ilipowaka mara ya kwanza nilimwita daktari aje aone. Alichungulia, akasema, "Wewe kijana ni hatari." Nililala na sentensi hiyo kama mtu aliyepewa zawadi.

Mgeni alikuwa ametuandikia maelezo: angalia sehemu hamsini za slaidi kabla ya kusema hakuna kitu. Sehemu moja ni kile unachokiona bila kusogeza slaidi, yaani uwanja wa kuona wa hadubini. Alikuwa akifikiria hadubini kamili, yenye uwanja wa kawaida. Kitabu changu nacho kilisema kila hadubini ipimwe uwanja wake kabla ya kutumika. Nilijua. Hata kifaa cha kupimia kilikuwepo: kioo cha kuhesabia chembe za damu, chenye miraba iliyochongwa kwa vipimo vinavyojulikana. Lakini kilikuwa kimoja tu pale kliniki, na nilikiogopa. Niliwaza kikiniteleza kingevunjika, na kikivunjika ningefukuzwa. Nikasema nitapima siku mikono yangu ikitulia. Mikono yangu haijawahi kutulia.

Basi nikaanza kusoma damu za watu.

Miongoni mwa walioketi kwenye benchi langu alikuwa mwanamke kijana kutoka Idsowe, mjamzito, amejifunga leso hadi mabegani ingawa jua lilikuwa kali. "Daktari, mwili unaniwaka jioni, asubuhi nahisi baridi," aliniambia. Aliniita daktari na sikumsahihisha. Nikamtoboa kidole, nikatia rangi, nikapita sehemu hamsini za lile duara langu safi. Hakukuwa na kitu. Nikaandika: hakuna malaria.

Alirudi baada ya siku kadhaa, amekonda usoni. Nikaangalia tena. Hakuna.

"Hicho kioo chako hakinioni?" akauliza.

"Kinakuona, dada. Huna malaria. Pengine ni uchovu wa mimba. Pumzika."

Akaikunja karatasi ya majibu mara nyingi mpaka ikawa ndogo kama kidonge, akaifunga kwenye ncha ya leso, akaondoka. Nakumbuka nilivyoridhika. Majibu mawili yaliyolingana yalikuwa, kwangu, dalili ya kazi safi.

Nilikuja kupima uwanja kwa sababu ya majivuno. Nilikuwa nikichora vijidudu kwa penseli za rangi, nikitarajia mgeni akipita tena nimwonyeshe, na kitabu kilisema mchoro wa kisayansi lazima uwe na mstari wa kipimo. Asubuhi moja yenye wagonjwa wachache nikajikaza. Nikaondoa vile vioo vya rangi ili mwanga uwe wa kawaida, nikakiweka kioo cha kuhesabia chini ya lenzi kwa mikono miwili, nikasogeza mpaka mistari ikaonekana.

Niliipima kwanza ile hadubini ya kawaida ya kliniki, ili niwe na cha kulinganisha. Kutoka ukingo mmoja wa duara hadi wa pili ilienea miraba tisa midogo. Kisha nikahamia kwenye yangu, kwa lenzi ya ukubwa uleule. Nne na nusu. Nikadhani nimekosea lenzi. Nikaangalia namba yake, nikaifuta, nikahesabu tena kutoka kulia. Nne na nusu. Nikakichomoa kipete. Miraba tisa, ile ya pembeni imefifia lakini yote ipo, inahesabika.

Nilikwenda chumba cha daktari na kile kipete mkononi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo umekuwa ukiangalia nusu," akasema.

"Robo, daktari."

"Umesema nusu ya upana."

"Upana ni nusu, eneo ni robo. Chapati ya nusu upana haili nusu ya unga. Kwa unga wa chapati moja kubwa unapata ndogo nne."

Akaweka kalamu chini. "Yaani wagonjwa wangu umewapakulia robo chapati."

Alisema kama mzaha lakini hakucheka, na mimi sikuweza kumwangalia.

Slaidi za zamani tulizihifadhi kwenye sanduku, kila moja imeandikwa kwa penseli jina la kijiji na la mgonjwa. Nilizitia rangi upya, nikazisoma bila kipete. Nyingi nilizosema hazina kitu kweli hazikuwa na kitu. Chache zilikuwa nacho, na karibu wote wenye hizo walikuwa wamerudi wakiwa na homa kali zaidi, wakapewa dawa. Za yule mwanamke wa Idsowe niliziacha mwisho kwa woga. Kwenye ile ya kwanza vijidudu vilikuwepo, vichache, vimetawanyika, kijani kibichi. Kwenye ya pili vilikuwepo pia.

"Huyu hajarudi tena," nilimwambia daktari.

"Arudi kufanya nini? Tulimwambia mara mbili hana kitu." Akavuta pumzi. "Mlete. Dawa ipo. Maneno ya kumwambia utayatafuta mwenyewe."

Njia ya Idsowe ilikuwa bado na matope. Mahali pengine nilipanda baiskeli, mahali pengine niliibeba. Njia nzima nilikuwa nikitunga maelezo. Nilipofika nyumbani kwao nilimkuta mama mkwe wake uani akipepeta mpunga. Alinitambua kabla sijaamkua vizuri.

"Wewe si yule wa kioo?"

"Ndiye, mama. Namtafuta mkazamwanao."

"Yuko shambani, juu ya dungu, anawinga ndege. Tena ulifanya vizuri kusema kweli. Alikuwa amejilaza humu ndani kama mwali. Kila siku homa, kila siku kichwa. Nikamwambia, kioo kimekutazama mara mbili hakikuona kitu. Amka, ndege wanamaliza mpunga."

Kila nilichokuwa nimetunga njiani kilipotea. Nilikuwa nimefikiria ugonjwa. Sikuwa nimefikiria kwamba karatasi yangu ingeingia katika nyumba ya watu na kumwita mtu mwongo.

"Mama," nikasema, "kile kioo kilikosea."

Akaacha kupepeta. "Kioo kinakosea vipi? Kina akili?"

Nilijua nimejificha nyuma ya kioo, na naye alijua. Pale uani palikuwa na majirani wawili, wakisikiliza.

"Si kioo. Ni mimi. Nilikitengeneza vibaya, sikukipima, nikatazama sehemu ndogo tu ya damu yake nikasema hana kitu. Ana malaria. Alikuwa nayo tangu siku ya kwanza. Alisema kweli."

Jirani mmoja akasema polepole, "Haya sasa." Mama mkwe hakumwangalia. Aliweka ungo chini, akajipangusa pumba mikononi, akaniangalia mimi.

"Na mimi nimempandisha kwenye jua na mtoto wangu tumboni," akasema. Kisha sauti ikawa kali. "Mnavaa makoti meupe, mnatupa majibu. Sisi tufanye nini? Tusiamini?"

Tulikwenda shambani pamoja. Yule dada alikuwa ameketi juu ya dungu, kile kichanja cha miti cha kulindia mpunga, leso kichwani, kombeo mkononi, lakini harushi. Aliposhuka, mama mkwe akamshika kiunoni. Nilimwambia yaleyale niliyosema uani. Hakuonekana kushangaa.

"Mimi nilijua naumwa," akasema. "Wewe ndiye hukujua."

Shemeji yake akaitwa ampakie kwenye baiskeli yangu hadi kliniki. Mama mkwe akawafuata kwa miguu, na alipofika kwenye tuta akageuka.

"Na ndege?"

"Nitawinga, mama."

"Unajua kutupa kombeo?"

"Sijui."

"Basi piga kelele. Hilo naona unaliweza."

Nilikaa kwenye dungu lile hadi ndege walipokwenda kulala. Nilipiga kelele mpaka koo likakauka. Mpunga uliliwa kidogo upande wa mtoni, na shemeji aliporudi na baiskeli alinitania kwamba ndege walikuwa wakinicheka. Nilicheka naye kwa sababu aliniambia yule dada amekunywa dawa na hakuitapika.

Alipona homa. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake, mdogo sana, akaishi. Nilimwuliza daktari kama udogo ule ulitokana na zile wiki alizokaa na malaria kwa sababu yangu. Alisema mimba huwa na mengi, hakuna anayeweza kujua. Nafikiri alisema hivyo kwa huruma. Mimi bado sijui, na sitegemei kujua. Kila nikikutana na yule dada sokoni hunisalimu vizuri, huniuliza habari za kazi, na mimi hujikuta natazama mguu wa mtoto ukining'inia mgongoni mwake, nikiupima kwa macho.

Tangu wakati huo sijasoma slaidi ya mtu kwa hadubini ambayo sijaipima uwanja wake kwa mkono wangu. Naangalia kwa eneo, si kwa idadi ya sehemu. Na kwenye karatasi ya majibu siandiki tena kwamba hakuna malaria. Naandika kwamba sijaiona, na kwamba homa ikiendelea mgonjwa arudi, na ninamsomea maneno hayo kwa sauti kabla hajaondoka, pamoja na yeyote aliyekuja naye.