Orodha Iliyobaki Muyinga

Juzi, katika duka moja la Gitega, mama mkulima mbele yangu aliweka laptop kwenye kaunta kwa mikono miwili. Alitoka nayo Gashoho, Muyinga, achapishiwe orodha ya wenzake wanaosubiri mbegu za maharage. Faili lilifunguka, lakini kiooni hapakuonekana kitu.

"Mzee, imefutika?"

Mwenye duka, Mhindi wa kofia nyeupe, aliigeuza laptop upande wake. "Kule Muyinga we unaiunga na kioo kikubwa?"

"Ndiyo, ofisini. Kipo kushoto."

Mzee akaiunga na kioo kikubwa cha dukani kwa waya, akasukuma mshale kushoto. Ukapotea pembeni mwa laptop, ukaibukia kwenye kile kikubwa. Orodha ilikuwa pale, majina yote.

"Haikufutika, mama. Iko inafikiri bado iko Muyinga."

Mama aliipapasa laptop polepole. "Siicheki," akasema. "Mimi nimekulia Tanzania. Nimerudi huku miaka kumi na tano sasa, na asubuhi bado naenda kushoto kufungua mlango. Nakuta ukuta."

Mzee akaivua kofia, akaivaa tena.

Mimi nilifuata betri za redio. Nilitoka bila betri, na mlango wenyewe niliutafuta kidogo.