Shikamoo Niliyoitoa Ukutani

Samahani kwanza kwa mwandiko, na nilipokosea herufi msinicheke sana, shule yangu iliishia darasa la saba na kalamu naishika kwa nadra. Hata hivyo aibu ninayoileta ni kubwa kuliko mwandiko.

Nimepanga chumba Ilala, nyumba ya zamani ya udongo iliyopigwa lipu, na jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni Baba Zuhura, mtu wa Lindi, na mkewe na binti yao Zuhura. Shida ilikuwa redio yao. Nikirudi kuuza mabeseni Kariakoo nikajilaza, usingizi ukinipitia tu inaanza kuunguruma mpaka vikombe vyangu vinacheza. Mwingine angebisha hodi akasema, lakini mimi nina haya (hata nikikanyagwa sokoni, mimi ndiye ninayeomba radhi), basi nikaomba trei tupu za mayai kwa muuza chipsi, maana wenzangu waliniambia ukizipigilia ukutani zinameza kelele.

Jumapili moja redio ikawa kimya. Nikajua wametoka wote, nikashika nyundo. Kumbe redio ilizimwa kwa heshima ya wageni: washenga walikuwa wamekuja kumposa Zuhura, wazee wamekaa mkekani wanaongea taratibu. Msumari wa kwanza ukazama kama kwenye ugali, wa pili nikaukandamiza kwa nguvu, na upande wa pili nikasikia pwaa, lipu imeshuka na udongo wake kwenye sinia la vitumbua. Badala ya kukimbia nikaweka jicho kwenye tundu nione nimeharibu nini, likakutana na jicho la mshenga mkuu, ndevu zimejaa vumbi.

Ulimi ukajisemea wenyewe. "Shikamoo."

"Marahaba," akajibu (alikuwa mstaarabu), kisha akamgeukia Baba Zuhura. "Mzee mwenzangu, mlituambia binti hana mtu. Na huyu wa ukutani?"

Posa ya watu ikawa inakufa kwa msumari wangu. Nikaitwa, nikaingia na nyundo mkono huu na trei mkono ule, kila nikitaka kujieleza naishia kuomba radhi, na kadiri nilivyoomba ndivyo wazee walivyozidi kunitazama kama mwizi. Zuhura naye akaitwa kutoka uani, aulizwe mbele ya watu.

"Huyu?" akasema. "Tangu ahamie hajanisalimia hata siku moja. Tukikutana koridoni anageukia ukuta."

Mshenga akaanza kucheka, na mimi hapo ndipo nikaweza kujieleza, nikasema ni redio tu, baba, nilitaka kuizuia redio.

Baba Zuhura akanikodolea macho. "Mwanangu, redio tunaifungulia kwa ajili yako. Unavyokoroma, hatusikilizani humu ndani."

Walicheka mpaka mama mmoja akashika ukuta, nikaomba aushike taratibu. Posa ikapokelewa. Tundu nimeliziba kwa saruji, na trei tumebandika kwa gundi pande zote mbili, mimi kwangu na Baba Zuhura kwake. Nami nimeapa, kabla ya kugonga ukuta wa mtu nitagonga kwanza mlango wake.

Sasa harusi imekaribia, nimealikwa, na wageni kutoka Lindi watalala hapo hapo kwa jirani. Ndugu wasomaji, kama kuna anayejua dawa ya kukoroma naomba aniandikie upesi, na aandike herufi kubwa kubwa, maana hata kusoma nasoma polepole.