Mkanda wa Kiti cha Nyuma

Kwa fundi wa viti, hakuna gari zuri wala baya; kuna viti vilivyochoka na viti ambavyo bado vina uhai. Mwanamke huyu alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa, na pale gereji mafundi wa kiume walishaacha kumtania. Walimwita Shangazi, naye aliwakaripia kama wapwa zake watukutu.

Mwaka huo lori liligonga gari la kaka yake ubavuni, kwenye makutano ya barabara. Kaka alivunjika mkono. Binti yake wa miaka minane, waliyemwita Kibibi kwa jinsi alivyopenda kuketi na wakubwa, alitoka na mikwaruzo tu. Ila mkanda wa kiti cha nyuma uligoma kufunguka, akabaki amebanwa pale, akipiga kelele, mpaka mpita njia mmoja alipoukata kwa kisu. Kila aliyekuja kuwapa pole alisema: mtoto mzima, tushukuru.

Mama mtoto alikuwa akifanya kazi mji mwingine, hivyo Shangazi ndiye aliyekuwa karibu, na wiki sita baadaye hakuwa na amani. Honi ikilia barabarani, Kibibi aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Alianza tena kukojoa kitandani. Alichukua vigari vya kuchezea, akavigonganisha, akavigonganisha tena, bila hata tabasamu. Na kila asubuhi ya shule tumbo lilimuuma, mpaka aambiwe watakwenda kwa miguu.

"Deko tu hilo," kaka alisema. "Watoto husahau. Tusilitaje, litaisha lenyewe."

"Wewe umesahau?"

Kaka alitazama plasta ya mkono wake.

"Basi kesho hospitali, sote watatu. Na usinikunjie uso."

Walikwenda kwa miguu. Mshauri wa watoto, kijana mpole mwenye meza iliyojaa penseli za rangi, alimwacha Kibibi achore anavyotaka, kisha akawaeleza wakubwa. Mwili umepona, alisema, lakini akili bado imo ndani ya lile gari. Si deko wala utundu. Wasimlazimishe kupanda gari, ila wasilifiche jambo lenyewe. Akitaka kusimulia, wamsikilize hata mara mia. Waende hatua ndogo ndogo, na yeye ndiye aseme lini. Mshauri mwenyewe angemwona kila wiki.

Shangazi alitoka pale anajua la kufanya. Nyuma ya gereji palikuwa na gari lililokalia matofali, halina magurudumu wala injini, nalo lilimsubiri alivike viti upya. Jumamosi alimpeleka Kibibi, akamwekea kigoda mbali, akaendelea kushona. Jumamosi ya pili kigoda kilisogea. Ya tatu, mtoto alisimama mlangoni mwa gari.

"Shangazi, kwani mkanda hugoma kwa nini?"

Shangazi alifungua kifungio cha zamani kwa bisibisi, akamwonyesha springi, na jinsi ulimi wa chuma unavyoingia ukanasa. Kisha akampa kipande cha mkanda na mkasi wa kukatia ngozi.

"Kata."

Mkanda ulikuwa mgumu. Kibibi aling'ang'ana, ulimi nje, mpaka ukaachia. Akaomba kingine. Alikata vipande kumi na kimoja, na huku akikata alianza kusimulia: harufu ya petroli, kiatu kimoja kilichopotea, baba asiyeitika.

"Nilidhani amekufa. Nilimwita sana."

Shangazi alikuwa amerudia kushona, na sindano yake haikusimama. Alijua ikisimama, na mtoto atanyamaza.

"Ehe," akasema. "Halafu?"

Jioni alimpasha kaka habari yote. Baba mtu akaenda kuketi sakafuni karibu na binti yake. "Nilikuwa nimezirai, mwanangu," akamwambia. "Nilipozinduka, sauti yako ndiyo ya kwanza niliyoisikia." Wakalia wote wawili, wakalia hasa.

Baada ya hapo Kibibi alikaa ndani ya lile gari bovu, milango wazi. Kisha milango ikafungwa. Kisha gari la fundi injini, likinguruma papo hapo. Kisha mzunguko mmoja uwanjani, kwa mwendo uliomfanya fundi injini aseme hata kobe angewapigia honi. Siku moja Kibibi alishuka katikati ya mzunguko, hataki tena, na wiki mbili nzima hakugusa mlango. Mshauri alisema hiyo ni kawaida. Shangazi alisema wiki zipo nyingi.

Shule ilipofunguliwa baada ya likizo, Kibibi alipanda mwenyewe kiti cha nyuma cha gari la baba, lililokwisha kutengenezwa, na Shangazi akaketi karibu naye. Kibibi akafunga mkanda, akaufungua, akaufunga tena. Baba alishika usukani kwa mikono miwili, jasho likimtoka kuliko abiria wake. Walipofika makutano, mtoto alifumba macho.

"Tumepita?"

"Tumepita."

Mpaka leo hufumba macho pale, na hakuna anayemkataza. Mshauri sasa humwona mara moja tu kwa mwezi. Shangazi aliwaacha getini mwa shule siku ile, akaenda gereji, akavuta kiti cha basi kilichopasuka, akaanza kufumua.