Chozi la Don Abundio

Don Abundio alimwapia shemeji yake kwamba sherehe ya binti yake Yesenia ya kutimiza miaka kumi na mitano haitamliza. Alipopiga goti, kama ada ya sherehe hiyo, kumvua binti viatu bapa na kumvisha vya visigino virefu, Fidencio, mpiga picha, alimulika flashi mara tatu: picha ya giza, ya wastani, na ya mwanga mwingi. Kwenye lenzi alikuwa ameweka kichujio cha nyota, kinachofanya kila nukta ya mwanga itoe miale, ili mishumaa ing'ae.

Baadaye yeye, mkewe na Fidencio wakaangalia picha kwenye kamera.

"Ya giza inatosha," Don Abundio alisema upesi. "Nyingine futa."

Mkewe akachungulia ile ya mwanga. Shavuni mwa mumewe iling'aa nyota ya miale minne.

"Baba Yesenia, hiki ni kipini shavuni?"

"Jasho hilo."

"Basi Fidencio, nikuzie picha ya hilo jasho. Nitalitundika sebuleni, kaka yangu akija alione."