Nondo Nyekundu Ukingoni mwa Ruvu

Siku ile bado naikumbuka, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku niliyosimama mkutanoni kwa mara ya kwanza, nikasema maneno machache, nikakaa. Wanaotoa nasaha ni wazee, na mimi bado sina mvi. Lakini nimeshakuwa baba yako, na jambo hili sikulisoma popote, nililiona. Shule yangu iliishia darasa la saba. Naandika polepole, nawe ukikua usome polepole.

Wakati huo nilikuwa kijana nisiye na maneno. Nilikaa na Bibi, mama wa baba yangu, huku Ruvu. Nyumba yake ilikuwa kwenye kona ya mto, upande ambao maji hupiga ukingo kabla ya kugeuka. Nyuma ya jiko lake yaliota matete mazito. Matete yalipoishia lilianza shamba la baba mdogo Shabani, aliyelima bamia na mchicha kwa pampu. Yeye matete ya upande wake aliyafyeka yote, akapanda mpaka udongo unapokatika. Tulimsifu kwa bidii. Hakuna aliyeona ubaya wowote.

Vuli ilipokaribia walikuja wageni wawili kutoka chuoni, dada mwenye miwani na kijana aliyebeba nyundo. Kijana alimwita yule dada Dokta. Habari zikaenea, na muda si mrefu uwanja wa Bibi ukajaa wagonjwa. Jirani yetu mmoja, mzee, alikunja suruali akaonyesha goti.

"Mzee wangu, mimi si daktari wa watu," dada akamwambia. "Mimi nachunguza mito."

"Kwani mto nao unaumwa?"

"Ndicho nilichokuja kuangalia."

Mzee akashusha suruali. "Haya. Ukimaliza kuutibu mto, goti liko hapa hapa."

Mimi niliwaonyesha njia za kushukia majini. Walichukua nondo fupi zilizopakwa rangi nyekundu kichwani, wakazigongomea kwenye ukuta wa ukingo, zikalala ndani ya udongo mpaka kikabaki kichwa tu. Nyingine waliziweka upande wa shamba la baba mdogo, moja wakaiweka nyuma ya jiko, ndani ya matete. Nilitaka kuuliza tangu nondo ya kwanza. Nilipata ujasiri walipokuwa wanakusanya vifaa waondoke.

"Sasa hivi kichwa kiko sawa na udongo," Dokta alinieleza. "Mto ukila udongo, nondo itaanza kuchungulia. Tutarudi vuli ikiisha, tupime imechungulia kiasi gani. Hapo tutajua mto unasogea wapi, na nyinyi mtajua mjenge wapi."

Wageni walikuwa wamejitambulisha kwa mwenyekiti wa kitongoji, lakini naye alisafiri kwenda msibani kabla ya kututangazia. Mambo yaliharibikia hapo. Ujue kwamba tangu viwanda vianze kuja upande wa Kwala, kwetu kila chuma kilichochomekwa ardhini kiliitwa bikoni, alama ya wapima viwanja. Watu walipoona nondo nyekundu hawakuuliza, wakasema mashamba yanapimwa, tunahamishwa. Wakakusanyika nje ya duka. Baba mdogo ndiye aliyekuwa anasema kwa sauti kuliko wote.

Nikasimama.

"Baba mdogo, zile si bikoni. Ni za kupima mto unavyokula—"

"Ehee! Leo bubu kapata sauti!" baba mdogo akasema, na watu wakaangua kicheko. "Wamekupa soda, wamekununua!"

Kweli soda nilikuwa nimekunywa. Nikakaa. Siku ile ile wakashuka mtoni wakazing'oa. Nondo ni chuma, na chuma hakitupwi. Moja ikawa kigingi cha kumfungia mbuzi wa baba mdogo, nyingine ikaenda kuchochea mkaa, nyingine sikujua zilikoishia. Bibi wakati huo alikuwa Vihingo, upande wa Kisarawe, kumuuguza binti yake, kwa hiyo hakujua lolote.

Vuli ilinyesha, ikaisha. Bibi alikuwa ameshafika nyumbani, wageni nao wakarudi. Dokta alitembea ukingo mzima akikuta matundu, na mahali pengine hata matundu hakuna, yameliwa na mto. Hakugomba. Alikuja akaketi kwenye mkeka wa Bibi, akavua miwani akaifuta kwa muda mrefu.

"Mmepoteza nini, wanangu?" Bibi akauliza.

Wakamweleza. Bibi akasikiliza, kisha akageuza kichwa akamtazama mbuzi aliyefungwa pale uwanjani, na kigingi chake chekundu.

"Shabani!"

Baba mdogo akaja anafuta mikono. "Naam, mama."

"Hiki ulikipanda wewe?"

"Hapana, mama."

"Ulimuuliza aliyekipanda kazi yake?"

Baba mdogo akaanza habari za bikoni na mashamba ya watu. Bibi akamkatiza. "Kuogopa si kosa. Hata mimi ningeogopa. Nakuuliza, uliuliza?"

Hapo ndipo nikasema kwamba iko nondo moja haikung'olewa, ile ya kwenye matete, kwa sababu waliong'oa hawakuijua. Tukaenda wote. Tukaikuta imechungulia shubiri nzima.

Baba mdogo akacheka kidogo. "Shubiri tu?"

"Hapa kuna matete," Dokta akasema. "Mizizi yake inashika udongo, na bado umekwenda shubiri kwa vuli moja. Kule ulikofyeka sijui udongo umekwenda kiasi gani. Ningejua kama nondo zingekuwepo."

Bibi akamuuliza swali ambalo sisi wote tulikuwa tunalikwepa. "Masika yanakuja. Nyumba yangu itaondoka?"

"Bibi, sitaki kukudanganya. Nondo moja haitoshi kunipa jibu."

"Ungekuwa wewe ni mimi, ungelala wapi?"

Dokta akaangalia maji, akaangalia nyumba. "Ningelala kule juu, karibu na barabara."

Wageni walipoondoka, Bibi aliniita jikoni. Alizoea kuniita mume wake, kama bibi wengi wanavyowatania wajukuu, lakini siku ile hakuwa anatania.

"Mume wangu, wewe ulijua?"

"Nilijua, Bibi."

"Ukasema?"

"Nilisema, wakanicheka."

"Wakakucheka, ukakaa. Wasiotaka kukusikia ulikwenda kuwaambia, na mimi mwenye nyumba hukuniletea habari. Tangu nirudi kutoka Vihingo tunakula sahani moja, mimi na wewe. Mimi nakucheka?"

"Hapana, Bibi."

"Basi ungeniambia mimi. Mdomo ninao, ningewafuata nyumba kwa nyumba."

Hakupandisha sauti. Akanipa sufuria nikakoshe. Lakini yale maneno nimeyabeba mpaka leo.

Binti yake alimtaka ahamie Vihingo moja kwa moja. Bibi akasema Vihingo atakwenda kusalimia tu, kwake ni Ruvu. Akaamua kuhamia juu, karibu na barabara. Kuamua hakukuwa rahisi. Nyumba ile alijenga na babu, na udongo wa kuta aliukanyaga kwa miguu yake. Baba mdogo ndiye aliyepanda kuezua mabati, moja moja, bila kuambiwa. Alisema akimaliza kwa mama ndipo atahamisha pampu yake.

Masika hayakumsubiri. Maji yalipanda yakawa ya rangi ya chai ya maziwa, na shamba la bamia likaanza kukatika vipande vipande, mimea ikiwa imesimama na maua yake. Pampu ilikwenda na kipande cha tatu. Baba mdogo alitaka kuifuata. Tulimshika mikono, mimi na yule mzee wa goti.

Nyumba ya Bibi, mwanangu, haikwenda masika yale. Ilipata ufa sakafuni tu. Watu wakamtania wakipita. "Bibi, umekimbia maji ya kunawa!" Bibi akajibu, "Nimeyakimbia nikiwa na miguu." Wageni walirudi na nondo nyingine, na safari hii mwenyekiti aliitisha mkutano kwanza. Watu wakauliza maswali mpaka yakaisha, hata ya bikoni, na Dokta akajibu yote. Zile nondo hakuna aliyezigusa. Zikachungulia, zikaendelea kuchungulia, nyingine zikadondoka kabisa. Waliolima kandokando wakasogea nyuma wenyewe na kuacha matete yaote. Masika yaliyofuata mto ulichukua jiko la zamani la Bibi, kisha chumba, kisha kuta zote. Ndani hamkuwa na mtu. Bibi alikuwa juu, anachambua mchele.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Ukikuta kitu kimechomekwa kwenye ardhi yenu, muulize aliyekichomeka kabla hujakigusa. Asipokujibu vizuri, uliza tena. Una haki ya kujua, na anayepima kwa nia njema hataona taabu kukueleza. Usifyeke ukingo wa mto mpaka mwisho ili upate tuta moja zaidi la bamia. Atakayekuambia "sijui" kwa uaminifu, msikilize kuliko anayejua kila kitu. Na ukiwa mwoga wa maneno kama baba yako, usijilazimishe kushindana na kelele za mkutano. Tafuta mtu mmoja ambaye jambo lile linamgusa, ukae naye, umwambie. Asipoelewa leo, kesho umwambie tena.

Mungu akukuze uwe mwenye kuuliza na mwenye kuambiwa. Akupe mahali pa kulala ambapo mvua ikinyesha hutaamka kuangalia mlango. Na mto huu ulioninywesha mimi ukunyweshe na wewe, na wanao, bila kuwadai kitu. Amina.